Illumina, Nanopore au PacBio: usome jenomu ya nondo wako kwa mashine gani?

Swali hili linaulizwa sana sa hizi na vijana wa entomolojia na bioteki, hasa tangu kiwavijeshi vamizi aingie kwenye mahindi yetu: nina nondo wangu, nataka jenomu yake, yani DNA yake yote, mashine zinazotajwa kila mahali ni tatu, nishike ipi? Na shida ni kwamba anayejibu mara nyingi ametumia mashine moja tu maisha yake yote, kwa hiyo anaisifia hiyohiyo. Hapa nazipanga zote tatu kwa vigezo vilevile: ridi fupi za Illumina, ridi ndefu za Oxford Nanopore, na ridi ndefu zenye usahihi mkubwa za PacBio zinazoitwa HiFi. Ridi ni kile kipande cha DNA ambacho mashine imekisoma kwa mkupuo mmoja. Msimamo wangu niuseme mapema kabisa: sampuli uliyonayo kwenye friza na swali unalotaka kujibu ndo vinachagua mashine, sifa za mashine zinafuata baada ya hapo.

Nitamtumia huyohuyo kiwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda, kama mfano, manake ni nondo aliyesomwa na watu wengi kwa njia tofauti kwa hiyo unaona kila njia inazaa nini. Asili yake ni Amerika, akaripotiwa Afrika Magharibi na Kati mwaka 2016, na kufika 2017 Kenya na Tanzania walishampata shambani.

Kabla hujafungua pochi ingia kwanza NCBI, hifadhi ya mtandaoni ya data za DNA, utafute jina la spishi yako. Kama kuna jenomu nzuri tayari, iliyofika ngazi ya kromosomu (vipande vimepangwa hadi kromosomu nzimanzima), huenda huna haja ya kuunga nyingine, yani kuunganisha ridi ziwe jenomu, toka mwanzo, unachohitaji ni kusoma nondo wako wengi na kuwalinganisha na ile iliyopo. Mradi wa Darwin Tree of Life wa Uingereza peke yake umeshatoa jenomu za nondo mamia, wengi wakinaswa kwenye msitu wa Wytham karibu na Oxford, na nondo hawajui mipaka, kwa hiyo usishangae spishi yako au ndugu yake wa karibu akawa tayari yupo. Kwa wadudu wetu wa Afrika pengo bado ni kubwa, ndo maana mradi wa African BioGenome, wa kusoma jenomu za viumbe wa Afrika, upo.

VIGEZO

Cha kwanza ni DNA: unahitaji kiasi gani na iwe ndefu kiasi gani. Nondo mkubwa anakupa DNA ya kumwaga, lakini kantangaze wa nyanya ana upana wa mabawa wa sentimita moja tu hivi, ukimsaga mzima unabaki na kidogo sana.

Cha pili, na hiki ndo kinawaangusha watu wengi, ni tofauti kati ya seti mbili za kromosomu. Kila nondo ana seti moja toka kwa mama na moja toka kwa baba, na kwa nondo wa porini hizo seti zinatofautiana sana kuliko za binadamu. Fikiria umechana magazeti mawili ya siku moja, habari ni zilezile ila mhariri kabadilisha maneno huku na kule, halafu uambiwe uunge gazeti moja. Kama vipande vyako ni vidogo, programu haijui hiki ni kipande cha habari nyingine au ni habari ileile kwa toleo la pili, inaamua kuviweka vyote, jenomu inavimba. Au inavifyeka, jenomu inapungua.

Cha tatu ni marudio, yani sehemu za DNA zinazojirudia zenyewe maelfu ya mara. Ridi isipovuka sehemu ya marudio kutoka mwisho huu hadi ule, kuunga kunakatikia hapo. Cha nne ni hela na upatikanaji, ukihesabu na usafirishaji na vibali, si bei ya mashine tu. Cha tano kompyuta.

SAMPULI KWANZA

Hapa nakaa kidogo kwa sababu ndipo mradi unapofia, mashine yoyote utakayochagua.

Chukua nondo mmoja, usichanganye kumi, manake kila unayemuongeza anakuja na seti zake mbili. Kama unaweza kufuga, zalisha kaka na dada kwa vizazi kadhaa ili tofauti ipungue. Pupa ni sampuli nzuri sana: nyama nyingi na tumbo limeshajisafisha. Kiwavi amejaa majani na bakteria, ukimtumia mzima utasoma jenomu ya mahindi pia, kwa hiyo mfungishe kwanza au mtoe utumbo. Kwa nondo aliyekomaa tumia kichwa na kifua, tumbo liache. Mgandishe akiwa hai kwenye naitrojeni ya kimiminika au moja kwa moja friza ya nyuzi -80, na asiyeyuke hata mara moja njiani. Sampuli iliyokaa kwenye ethanoli kwa joto la kawaida inafaa Illumina ila kwa ridi ndefu mara nyingi inakuwa imeshakatikakatika.

Na jinsia. Kwa nondo ni kinyume na sisi, jike ndo mwenye kromosomu mbili tofauti, Z na W, dume ana Z mbili. Ukitaka jenomu kamili yenye W lazima uchukue jike, japo Z na W zitasomwa nusu tu ya mara zinazosomwa kromosomu nyingine. Dume anakupa Z safi, W hutaiona kabisa.

NJIA YA 1: ILLUMINA, RIDI FUPI

Sampuli. Hapa Illumina haina mpinzani kwa uvumilivu. DNA kidogo, iliyokatika, ya mdudu aliyekaa kwenye ethanoli au hata aliyebanikwa na pini kwenye makumbusho, bado utapata kitu.

Usahihi na kuunga. Inasoma herufi 150 za DNA (zile A, C, G na T) toka kila upande wa kipande, na kila herufi ni ya kuaminika, makosa ni chini ya moja kwa elfu hivi. Tatizo ni kuunga. Herufi 150 haivuki marudio, wala haitofautishi toleo la mama na la baba kwa umbali. Angalia kiwavijeshi vamizi: jenomu zake mbili za mwaka 2017, moja ya aina inayopenda mahindi na moja ya aina inayopenda mpunga, ziliungwa kwa ridi fupi, ya mahindi ikatoka herufi milioni 438 na ya mpunga milioni 371, ile ya mahindi ikiwa na vipande zaidi ya 40,000 wakati kromosomu halisi ni 31 tu. Spishi ni moja na haiwezekani tofauti yote ile iwe ya kweli, sehemu yake ni zile seti mbili zikiichezea programu. Lakini usiidharau kazi ile hata kidogo, kwenye vipande hivyohivyo walifanikiwa kuona kwamba mdudu huyu ana jeni za vipokezi vya ladha zaidi ya 200, idadi kubwa kweli kwa mdudu, na hilo linaendana na ulafi wake wa kula mimea ya kila aina. Kwa maswali ya jeni moja moja, vipande vinatosha.

Hela na upatikanaji. Kwa kila herufi ndo rahisi, na maabara zinazotoa huduma hii ni nyingi, Nairobi pale ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo, wamekuwa nayo miaka mingi na kampuni za nje zinapokea DNA iliyokaushwa, kwa hiyo husumbuki na barafu kavu.

Kompyuta. Watu wanadhani fupi ni nyepesi, sivyo. Kuunga jenomu ya nondo kwa ridi fupi kunameza RAM kuliko hata ridi ndefu. Ila kulinganisha na jenomu iliyopo tayari ni kazi nyepesi, seva ndogo inatosha.

Inamfaa nani. Mwenye sampuli nyingi za shambani anayetaka kujua usugu wa dawa umesambaaje, wadudu wa Mbeya na wa Kitale ni ukoo mmoja au la, aina gani wanatawala. Pia mwenye sampuli za zamani ambazo hazirudi tena. Kwa kuunga jenomu ya kwanza ya spishi, mwaka huu, nisingekushauri uitegemee peke yake.

NJIA YA 2: OXFORD NANOPORE

Sampuli. Hii inataka DNA nyingi, karibu maikrogramu moja kwa laibrari (DNA iliyoandaliwa kuingia mashineni) ya kawaida, na inataka DNA ndefu na SAFI. Usafi nausisitiza. DNA inapita kwenye tundu dogo sana na mashine inapima mkondo wa umeme unavyobadilika, sasa nondo ana rangi, ana magamba ya mabawa, ana vitu vinavyonata, hivyo vikibaki kwenye DNA tundu zinaziba, unaangalia kwenye skrini zinapungua saa baada ya saa. Kuna dawa ya kuosha flo seli (kile kibamba chenye hizo tundu) ukapakia tena, inasaidia, lakini dawa ya kweli ni kusafisha mwanzoni. Usiangalie namba ya Qubit, inayopima kiasi cha DNA, peke yake ukaridhika. Pima usafi na Nanodrop, uwiano wa 260/280 iwe karibu 1.8 na 260/230 iwe karibu 2, halafu pitisha kwenye jeli uone kama mstari uko juu kabisa au umeshuka kama moshi.

Usahihi na kuunga. Urefu ndo sifa yake, makumi ya maelfu ya herufi ni kawaida na zipo ridi zilizovuka milioni moja. Zamani makosa yalikuwa mengi, flo seli za toleo la R10.4.1 zimebadilisha habari hiyo, ridi moja sasa inapita 99%. Bado inajikwaa pale herufi moja inapojirudia, kama A nane mfululizo inaweza kusoma saba, na kosa hilo likiangukia ndani ya jeni linavuruga protini yote. Ndo maana watu wanapiga polishi, yani kusahihisha makosa yaliyobaki, kwa programu ya Medaka, na wengine wanaongeza ridi za Illumina za nondo yuleyule. Marudio inayavuka vizuri, seti mbili inazitenganisha kwa kiasi, utahitaji programu ya purge_dups kutoa nakala zilizobaki.

Hela na upatikanaji. Hapa ndo raha yake. MinION inaenea kiganjani, unachomeka kwenye kompyuta, hauhitaji jengo wala mkataba wa matengenezo. Mradi wa virusi vya mihogo uliipeleka hadi shambani Tanzania, Uganda na Kenya na kusoma DNA hukohuko. Kwa hesabu ya nondo wa herufi milioni 400, ukitaka kila sehemu isomwe mara 30 unahitaji herufi bilioni 12, na flo seli ya MinION ikienda vizuri inatoa kati ya bilioni 10 na 20, kwa hiyo moja inaweza kutosha ila panga mbili. Kinachouma ni kwamba flo seli inatakiwa ikae nyuzi 2 hadi 8 na muda wake ni wiki 12 hivi, sasa mzigo ukikwama forodhani nchi ambayo karatasi zinatembea taratibu, muda unaliwa na baridi inaisha. Panga kibali cha kuingiza kabla ya kuagiza, si baada.

Kompyuta. Kuna hatua ya ziada, kugeuza mawimbi ya umeme kuwa herufi kwa programu ya Dorado, na hiyo inataka GPU (kadi ya picha) ya maana, bila GPU ukitumia modeli ya usahihi wa juu utasubiri wiki na wiki. Kuunga kwa programu ya Flye, seva ya RAM ya giga 100 hivi inakuweka salama.

Inamfaa nani. Anayetaka kazi ifanyike nyumbani, wanafunzi wajifunze kwa mikono yao, data isitoke nje kabla haijaeleweka. Na mwenye nondo mkubwa au koloni la kufuga, asiyeishiwa sampuli, kwa sababu jaribio la kwanza linaweza kuziba tundu na ukahitaji nondo mwingine.

NJIA YA 3: PACBIO HIFI

Sampuli. Inapenda DNA ndefu lakini si ndefu kupindukia, manake inakatwa kuwa herufi elfu 15 hadi 20 hivi kabla ya kusomwa. Kwa kawaida nanogramu mia tatu na kuendelea zinatosha nondo wa ukubwa huu, na ipo njia ya DNA kidogo mno, nanogramu chache tu, ambayo inaikuza kwanza kwa PCR, yani kuinakili mara nyingi. Kwa wadudu wadogo kama kantangaze hiyo imekuwa mkombozi, japo PCR huwa inaruka baadhi ya sehemu, kwa hiyo tegemea mapengo kidogo.

Usahihi na kuunga. Kipande kinafungwa kuwa duara na mashine inakizunguka mara nyingi, masomo yote yanalinganishwa, kinachotoka ni ridi ndefu yenye usahihi wa zaidi ya 99.9%. Kwa nondo wa porini hii ni neema, kwa sababu ukiwa na urefu na usahihi kwa pamoja programu kama hifiasm inatambua toleo la mama na la baba na kuyatenga yenyewe. Kromosomu za nondo wengi ni fupi, ya kiwavijeshi vamizi kwa wastani ni herufi milioni 12 au 13 hivi, kwa hiyo si ajabu kipande kimoja kikakaribia kromosomu nzima. Timu ya China iliyomuunga mdudu huyu kwa PacBio pamoja na Hi-C (nitaieleza chini) mwaka 2020 ilipata herufi milioni 390 hivi na kromosomu zake 31, na ukilinganisha na zile 438 na 371 za mwanzo utaelewa kwa nini watu wanaipenda.

Hela na upatikanaji. Mashine ni ghali na nzito, wengi wetu tutatuma sampuli nje. Kutuma maana yake barafu kavu, mkataba wa kuhamisha sampuli, na vibali, Tanzania utapita COSTECH (tume ya sayansi), Kenya utahitaji leseni ya NACOSTI (tume ya sayansi ya huko) na kibali cha NEMA (mamlaka ya mazingira) cha rasilimali za kijenetiki, na vitu hivi vinachukua miezi. Viheshimu, ni wadudu wetu na faida yao ituhusu. Kwa upande mwingine seli moja ya Revio, mashine ya PacBio, inatoa herufi bilioni 90 au zaidi, nondo mmoja anahitaji bilioni 12, kwa hiyo mkijikusanya maabara kadhaa, spishi sita au saba zinagawana seli moja na bei kwa kila mtu inashuka sana. Sioni watu wakifanya hivi vya kutosha na natamani wafanye.

Kompyuta. Nyepesi kuliko zote kwenye kuunga, RAM ya giga 64 kwa nondo wa kawaida na saa chache umemaliza. Asiye na seva kabisa anaweza kutumia Galaxy ya Ulaya, seva ya mtandaoni, bure.

Inamfaa nani. Anayetaka jenomu ya rejea ambayo wengine wataitumia miaka kumi ijayo, na mwenye nondo mmoja tu wa porini asiyefugika.

NA HI-C?

Hii si mashine ya nne, ni kiongezo kwa njia 2 au 3. Inashikanisha DNA ikiwa bado imekunjana ndani ya seli, ili ijulikane vipande gani vinakaa jirani, halafu programu ya YaHS inavipanga kuwa kromosomu. Inahitaji tishu iliyogandishwa vizuri, inaweza kuwa ya ndugu wa nondo yuleyule, na inasomwa kwa Illumina. Kama unalenga viwango vya Earth BioGenome Project, mradi wa kusoma jenomu za viumbe wa dunia, kromosomu kamili na kosa chini ya moja kwa kila herufi 10,000, huikwepi. Kama unatafuta jeni za usugu tu, iache.

Njia yoyote utakayopita, mwisho pitisha BUSCO, programu ya kupima ukamilifu wa jenomu. Orodha yake ya nondo na vipepeo (toleo la odb10) ina jeni 5,286 ambazo kila spishi inatarajiwa kuwa nazo nakala mojamoja. Zikikosekana nyingi, umepoteza DNA mahali, zikitokea mbilimbili, seti ya mama na ya baba bado zimechanganyika na hujamaliza kazi. Na programu ya BlobToolKit ikuoneshe Wolbachia (bakteria anayeishi ndani ya seli za wadudu) na bakteria wengine waliojificha humo.

SASA UCHAGUE

Una nondo 80 kwenye ethanoli toka wilaya mbalimbali na spishi ina jenomu tayari: Illumina, hata usiwaze mara mbili, hela iliyobaki ongeza idadi ya wadudu.

Spishi haina jenomu, unafuga koloni chuoni, mna GPU moja na wanafunzi wenye hamu: Nanopore, jike mmoja aliyezalishwa ndani ya ukoo, ongeza Illumina kidogo ya kupiga polishi. Mtachelewa kidogo lakini ujuzi unabaki hapo chuoni.

Umenasa nondo wawili tu wa msitu wa Usambara na hujui utawapata lini tena: HiFi, mmoja kwa ridi, wa pili umtunze -80 kwa Hi-C, na usimguse hadi vibali viwe mkononi.

Mdudu ni mdogo kama kantangaze: HiFi ya DNA kidogo, au kusanya kaka na dada wa koloni lililozalishwa ndani kwa ndani uende Nanopore, ukijua utafanya kazi zaidi ya kusafisha nakala.

Unataka kuelewa W, au vipande vikubwa vya kromosomu vilivyogeuka: ridi ndefu za aina yoyote kati ya hizo mbili, jike, na Hi-C juu yake.

Una hela ya jaribio moja tu na DNA yako kwenye jeli imetoka kama moshi: usipeleke popote bado. Rudi ukamtafute nondo mwingine, mgandishe hukohuko ulipomnasa, ndo uanze kuuliza bei.